Mtoto Aanze na Maji, Mabara Yatafuata

Katika shule nyingi za msingi za Afrika Mashariki kuna ramani ya dunia iliyochorwa ukutani kwa rangi ya mafuta, aghalabu upande wa nje wa darasa, jirani na ofisi ya mwalimu mkuu. Kila bara limepewa rangi yake na jina lake kwa herufi kubwa. Afrika ipo katikati, Asia imetanda kulia, na Antaktika ni utepe mweupe chini kabisa ambao matone ya mvua na udongo yameanza kuufuta. Kwingine kote ni buluu. Buluu hiyo ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya ukuta, maana maji ndiyo asilimia 71 ya uso wa dunia. Ndani yake lakini hamna kitu zaidi ya majina manne au matano yaliyoandikwa kwa herufi nyembamba. Hakuna mkondo, hakuna upepo, hakuna njia ya chombo. Fundi alipaka buluu kwanza, ukuta mzima, ndipo akaanza kuchora kile alichoambiwa ndicho somo.

Ndivyo tunavyofundisha pia. Bahari zinakuwa nafasi iliyobaki baada ya mabara kukaa mahali pake. Mwanafunzi anakariri mabara saba na bahari tano, anajibu maswali ya kuchagua, anapata alama zake. Siku ya pili mpe ramani isiyo na maandishi, umwambie aonyeshe Oman iko bara gani. Kidole kitatangatanga, hata kama ana shangazi anayefanya kazi Muscat na wanaongea kwa simu kila Ijumaa. Kwake Uarabuni ni mahali panapojitegemea, si Asia wala si Afrika. Ulaya nayo ni hivyo hivyo: kwa wengi ni kokote ndege kubwa inakokwenda, London na Chicago zote zikiwemo. Majina mtoto anayo. Alichokosa ni uhusiano wa mahali na mahali, na ramani ilichorwa kwa ajili ya kuonyesha uhusiano huo.

Hoja yangu ni kwamba mpangilio ugeuzwe. Mtoto aanze kuyajua maji, tena yale yaliyo karibu naye, ayafuate mpaka baharini, aijue bahari hiyo na upepo wake, ndipo mabara yaje yakiwa kingo za maji hayo. Mtu anaweza kuliona hili ni jambo dogo la kupanga mada. Mimi naliona ndilo linaloamua kama mtoto ataisoma ramani au ataikariri.

Chukua mtoto wa Kigoma. Mvua ikinyesha juu ya paa la darasa lake, maji yanateremka mpaka Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Lukuga, ng'ambo ya pili, pale Kalemie nchini Kongo. Lukuga unaingia Lualaba, Lualaba unageuka kuwa Mto Kongo, na Mto Kongo unamwaga maji yake Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mvua ya Kigoma, katika nchi tunayosema iko pwani ya Bahari ya Hindi, inakwenda kutokea upande wa pili wa Afrika. Mtoto wa Mwanza habari yake ni nyingine. Maji yake yanaingia Ziwa Victoria, yanatoka Jinja yakiwa Mto Nile, yanapita Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri hadi Bahari ya Mediterania. Mtoto wa Iringa yeye maji yake yanafuata Ruaha Mkuu, yanaingia Rufiji, yanamalizikia Bahari ya Hindi. Na mtoto wa bonde la Rukwa maji yake hayafiki bahari yoyote: yanaingia ziwani na kubaki humo mpaka jua liyanyonye.

Nchi moja, na maji yanatawanyika pande tatu za bara, mengine yakibaki ndani. Majirani nao wako katika hesabu hiyo hiyo. Mvua ya Nairobi inaingia Mto Athi na kutokea baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Mvua ya Kigali inashuka Nyabarongo, inaingia Kagera, inajiunga na safari ya Nile. Goma, maji ya Ziwa Kivu yanapita Ruzizi hadi Tanganyika, na kutoka hapo unajua tayari yanakokwenda. Burundi kuna mgongo wa milima ambapo mvua ya ubavu mmoja inakwenda Misri na ya ubavu wa pili inakwenda Atlantiki.

Mpe mwanafunzi ramani ya Afrika na penseli, umuulize swali moja: mvua ya uwanjani kwetu inaishia bahari ipi? Akimaliza kuufuata mto kwa ncha ya penseli atakuwa ameshaona umbo la bara lake, ameona kingo zake mbili au tatu, na amejua bahari mojawapo kwa sababu ina maji ya kwao. Hatahitaji kukaririshwa kwamba Atlantiki iko magharibi mwa Afrika. Ameifikia mwenyewe.

Kutoka hapo ndipo tuingie Bahari ya Hindi, ambayo kwa mtoto wa huku inastahili muda mrefu kuliko inaopewa. Kwa ukubwa ni ya tatu, takriban kilomita za mraba milioni 70, nyuma ya Pasifiki na Atlantiki. Jambo linaloitofautisha ni umbo lake. Pasifiki na Atlantiki zimetanda mbali kaskazini na kusini, lakini Bahari ya Hindi imefungwa upande wa kaskazini na bara zima la Asia. Mwanafunzi akiliona hilo kwenye ramani ameupata ufunguo wa historia ya pwani yetu. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na hupoa haraka pia. Katikati ya mwaka Asia inachemka, hewa juu yake inapanda, na upepo unavutwa kutoka kusini mwa bahari kwenda kaskazini mashariki. Huo ndio kusi. Ukifika Desemba Asia imepoa, bahari bado ina joto, na upepo unageuka kushuka kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu. Hiyo ndiyo kaskazi. Bara kubwa kuliko yote na bahari ya tatu kwa ukubwa zinavutana mara mbili kwa mwaka, na katikati ya mvutano huo zikajengwa Kilwa, Mombasa, Lamu na Unguja.

Vasco da Gama ni mfano ambao vitabu vyetu vinautaja lakini havitumii kufundishia ramani. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyempata hapo hapo, na kusi ilikuwa imeanza kupuliza. Alifika Calicut, pwani ya magharibi ya India, tarehe 20 Mei, siku 26 tu. Kurudi hakusubiri msimu. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijatengemaa, akafika Malindi Januari 1499. Bahari ile ile, karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafia njiani. Mwambie mtoto aweke kidole Malindi, akivute mpaka Calicut, kisha akirudishe, huku darasa likieleza upepo ulikuwa unatoka wapi kila mara. Hapo umefundisha Afrika, Asia, Bahari ya Hindi, majira na historia kwa pamoja, na hakuna aliyekariri chochote.

Mifano mingine inamiminika yenyewe. Wazee wa mbali wa watu wa Madagaska walivuka bahari hii kutoka visiwa vya Indonesia, na Kimalagasi mpaka leo ni ndugu wa lugha za Kalimantan, huko huko Indonesia. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga mbele ya mfalme wa China. Mwaka 1944, kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, ziliokotwa sarafu za shaba tano za Kilwa. Wataalamu wanabishana zilifikaje kule, lakini ubishi wenyewe ni somo zuri la ramani: mwache mwanafunzi atafute njia ambayo sarafu ya Kilwa ingeweza kupita mpaka Australia, na ukingo wa bara gani ungekuwa kushoto kwa chombo.

Kuna zoezi la uzi ambalo kila mwalimu angelifanya kama ana tufe. Weka uzi kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai, uukate. Kata mwingine kutoka Dar es Salaam hadi Dakar. Wa Mumbai unawakilisha takriban kilomita 4,700, wa Dakar takriban 6,700. Kata wa tatu kwenda Muscat, takriban kilomita 4,000, ulinganishe na wa Lagos: Muscat iko karibu zaidi. Mtoto aliyezoea kudhani kwamba kilicho ndani ya Afrika kiko karibu na kilicho nje kiko mbali atazishika nyuzi hizo mkononi na kuzitazama mara mbili. Bara ni kitu cha kweli, lakini ujirani haufuati mipaka ya bara.

Wapo watakaosema hii ni historia ya majahazi na dunia ya leo haisafiri kwa tanga. Tutazame basi dunia ya leo. Alfajiri ya tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra. Saa kadhaa baadaye wimbi lilikuwa limevuka Bahari ya Hindi yote. Pwani ya Somalia walikufa watu wapatao 300, na hata Dar es Salaam kuna waliokuwa wakiogelea wakapoteza maisha. Hakuna nchi kavu ya kulizuia wimbi kati ya Sumatra na Somalia zaidi ya visiwa vidogo, na hilo linaonekana kwenye ramani kwa kutazama tu. Mei 2024 intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na kwingineko kwa sababu mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na SEACOM, ilikatika chini ya bahari huko karibu na Afrika Kusini. Watu waliwasha na kuzima simu wakidhani tatizo liko mtaani kwao. Kuanzia Novemba 2023 meli za mizigo zilishambuliwa Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikaamua kuzungusha meli zao hadi Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Mfereji wa Suez. Safari zikarefuka kwa siku nyingi na gharama za kusafirisha makontena zikapanda. Mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba aliyeelewa ramani alielewa kwa nini mzigo wake umechelewa.

Mvua ndiyo mfano mkubwa kuliko yote. Kila baada ya miaka michache redio zetu hutangaza El Niño, na wakulima wanajiandaa kwa vuli kubwa. El Niño ni maji ya Pasifiki, karibu na Ikweta, upande wa Amerika Kusini, yakiwa na joto kuliko kawaida. Mwaka 1997 na 1998 joto hilo, pamoja na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, lilileta mafuriko yaliyovunja barabara na madaraja Kenya na Tanzania. Mwaka 2019 mvua kubwa zilirudi bila El Niño yenye nguvu, kwa sababu magharibi mwa Bahari ya Hindi kulikuwa na joto na mashariki yake kulikuwa na baridi kuliko kawaida. Mkulima anayeambiwa kwamba bahari iliyo upande wa pili wa dunia inaamua mvua ya shamba lake ana haki ya kujua bahari hiyo iko wapi. Tulimfundisha jina lake darasani. Hatukumwonyesha.

Na Pasifiki kuionyesha ni kazi, kwa sababu ramani zetu nyingi zinaikata katikati. Kipande kimoja kiko ukingo wa kulia, baada ya Japani, na kipande kingine ukingo wa kushoto, kabla ya Amerika. Mtoto anaona bahari mbili za wastani mahali ambapo kuna bahari moja kubwa kiasi kwamba nchi kavu yote ya dunia ingeingia ndani na nafasi ikabaki: Pasifiki ni takriban kilomita za mraba milioni 165, na nchi kavu yote ni takriban milioni 149. Anaona pia Urusi na Alaska zikiwa kwenye ncha mbili za dunia, kumbe Mlango Bahari wa Bering unaozitenganisha ni kilomita 85 hivi, kuzidi kidogo umbali wa Dar es Salaam na mji wa Unguja. Shule za China na Japani hutumia ramani zenye Pasifiki katikati. Ningependa kila darasa letu lionyeshwe ramani ya namna hiyo japo mara moja, ili watoto waone kwamba katikati ya ramani huchaguliwa na mchoraji.

Hata juu na chini ni uchaguzi. Al-Idrisi, aliyemaliza ramani yake kubwa mwaka 1154 huko Sicily akiwa chini ya Mfalme Roger wa Pili, aliweka kusini juu, kama walivyofanya wachora ramani wengi wa Kiislamu wa zama zake. Kwenye ramani hiyo pwani ya Zanji, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, iko sehemu ya juu ya karatasi, na Ulaya iko chini. Hakukosea.

Sasa tuje kwenye ukubwa, maana hapa ndipo madhara ya ramani ya ukutani yanapozidi. Mwalimu asiye na tufe anaweza kununua chungwa. Achukue kalamu ya wino achore Afrika upande mmoja, Amerika zote mbili upande wa pili, Greenland karibu na kikonyo, Antaktika kwenye kitako. Kisha alimenye taratibu ganda litoke zima, aliweke mezani na kuligandamiza kwa kiganja. Ganda litachanika, na litachanika zaidi huko kwenye kikonyo na kitakoni. Anayetaka ganda lilale bapa bila mpasuko hana njia ila kulivuta sehemu hizo mpaka nafasi zijae, na mchoro uliopo hapo utapanuka nalo. Darasa zima limeshuhudia kwa macho kwa nini hakuna ramani bapa iliyo sahihi kwa kila kitu.

Gerardus Mercator alichora yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Sifa yake ni kwamba mstari mnyoofu kwenye karatasi ni mwelekeo mmoja wa dira baharini, na kwa nahodha hilo lilikuwa na thamani kubwa. Gharama yake ni ukubwa. Kwenye latitudo ya digrii 60 kila kitu kinachorwa mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, yaani mara nne kwa eneo, na kadiri unavyokaribia ncha ya dunia ndivyo uvimbe unavyozidi. Ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni takriban kilomita za mraba milioni 30 na Greenland ni milioni 2.2 hivi. Afrika inaizidi mara 14. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake ni kubwa kuliko Greenland. Tanzania ni kubwa kuliko Ujerumani, Uingereza na Italia zikiunganishwa. Kenya inaizidi Ufaransa ya Ulaya. Mtoto aliyekulia mbele ya ramani ya Mercator hukua akijiona mdogo, na hakuna aliyemwambia kwa maneno. Karatasi ilimwambia kila siku asubuhi.

Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na Mercator kwenye shule na taasisi na kutumia ramani zinazotunza ukubwa, kama ile ya Equal Earth iliyobuniwa mwaka 2018. Naunga mkono bila kusita. Nina hofu moja tu, kwamba tutabadilisha bango na kuacha ufundishaji vilevile. Ramani inayotunza ukubwa nayo inapotosha mambo mengine, umbo au mwelekeo. Mwanafunzi aliyemenya chungwa ataelewa ramani zote mbili na atajua ipi itumike kwa kazi ipi. Aliyebandikiwa bango jipya atakariri jipya kama alivyokariri la zamani, na simu yake bado inaweza kumletea Mercator jioni.

Idadi ya mabara nayo tuwaambie watoto ukweli wake. Saba tunayofundisha ni hesabu ya nchi zinazofuata utaratibu wa Kiingereza. Amerika ya Kusini na Hispania watoto wengi hufundishwa Amerika kuwa bara moja. Wengine huunganisha Ulaya na Asia, na ukitazama ramani utaona wana hoja: hakuna bahari kati yao, mpaka unaotumika sana ni Milima ya Ural, uliokubalika katika karne ya 18. Duara tano za Olimpiki, zilizobuniwa mwaka 1913, zinawakilisha mabara matano. Kwa upande wa bahari, Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika ilikuwemo kwenye orodha ya shirika la kimataifa la haidrografia, yaani upimaji wa bahari, mwaka 1937, ikaondolewa mwaka 1953, na jumuiya ya National Geographic ikaanza kuichora kama bahari ya tano Juni 2021. Mzazi aliyejifunza bahari nne na mtoto anayejifunza tano hawana sababu ya kukosana mezani. Bahari hiyo haina ukingo wa nchi kavu upande wake wa kaskazini. Kinachoitenga ni mkondo mkubwa unaozunguka Antaktika kutoka magharibi kwenda mashariki bila kuzuiwa na bara lolote. Anayeanza na mabara hataiona kamwe. Anayeanza na maji ataiona mara moja.

Nimesikia walimu wakisema, na wanasema kweli, kwamba majina lazima yakaririwe. Hakuna atakayeijua Atlantiki kwa kuifikiria tu. Ninachoomba ni jina lije mtoto akiwa tayari ana mahali pa kuliweka. Wanasema pia kwamba darasa lina watoto wengi mno na vifaa hakuna. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu napendelea uwanja kuliko ukuta. Tandaza kamba ndefu mchangani, hiyo ndiyo Ikweta. Chora Afrika kwa majivu, kamba ikipita katikati yake. Msimamishe mtoto mmoja Kisumu na mwingine Mbandaka, kwenye Mto Kongo. Sogea mashariki, vuka Bahari ya Hindi kwa hatua, simamisha mtoto Pontianak nchini Indonesia. Rudi magharibi, vuka Atlantiki na Amerika Kusini, simamisha mwingine Quito. Wote wako kwenye kamba au jirani nayo kabisa. Halafu waambie wa Pontianak na wa Quito watazamane kwa kuzunguka nje ya mchoro, upande usio na Afrika, na uwaulize ni maji gani yaliyo kati yao. Watoto 80 wanaweza kufanya zoezi hili kwa wakati mmoja, na ambao hawakusimama mjini watakuwa upepo na meli.

Kinachozuia yote haya, kwa maoni yangu, ni mtihani. Mwalimu hufundisha kitakachoulizwa, na hatuna haki ya kumlaumu. Swali likiwa "Bara kubwa kuliko yote duniani ni lipi?", kukariri kunatosha na kunaokoa muda. Wanaotunga mitihani ya darasa la saba Tanzania na tathmini za Kenya wanaweza kubadilisha jambo hili bila kuomba senti ya bajeti. Waweke ramani isiyo na maandishi kwenye karatasi, na chini yake swali la namna hii: meli imeondoka Mombasa kwenda Rotterdam, na nahodha ameambiwa asipite Mfereji wa Suez. Taja bahari atakazopita kwa mpangilio, na useme mabara gani yatakuwa upande wake wa kulia.

Jibu ni Bahari ya Hindi kisha Atlantiki, na kulia kwake ni Afrika tangu anatoka Mombasa mpaka amalize kuizunguka, halafu Ulaya. Mtoto aliyekariri hataweza kulijibu kwa bahati. Atalazimika kuigeuza meli kichwani akifika Rasi ya Tumaini Jema, na mwalimu wake atalazimika, kuanzia muhula ujao, kumfundisha jinsi ya kuigeuza.